Kulabu ya Tembo Jikoni kwa Aayo

Mtu akikuletea kulabu ya tembo akakuambia ni ya zamani, usitazame ncha. Ncha inadanganya, kila mwenye tupa anaweza kuichonga. Pitisha kidole gumba ndani ya mkunjo, pale chuma kilipokuwa kikigusa ngozi ya mnyama. Kama ilifanya kazi kweli, ndani pamelainika na kingo zimelala zenyewe, tena upande mmoja zaidi ya mwingine, maana mchunga tembo naye ana mkono anaoupenda. Ukikuta mikwaruzo ya tupa imeelekea njia moja yote, mrudishie mwenyewe umwambie hongera kwa kazi.

Haya nayasema mimi, mwanamke wa Rhotia, mwenye kibanda cha vinyago kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, hapa Karatu. Najua unachotaka kuuliza. Huku kwetu tembo akiingia kwenye mahindi tunampigia madebe, na akigeuka kututazama tunakimbia tukiacha viatu. Hakuna babu wa mtu aliyewahi kumpanda tembo, seuze kumvuta sikio. Kulabu hizi ni za Uhindi, ambako tembo huvuta magogo na kubeba watu, na anayemwongoza hukaa shingoni pake akiwa na kijiti chenye ncha moja iliyonyooka na nyingine iliyokunjwa. Mama mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri Arusha aliniambia kwao inaitwa ankusi. Mimi naiita kulabu, kama alivyoiita mama yangu. Nimeshika nyingi mno, za kweli na za uongo, na zote nilizishika kwa sababu nilikuwa naitafuta moja.

Mama yangu tulimwita Aayo, ndivyo Wairaqw tunavyomwita mama. Alikuwa mfupi. Usidhani nasema mfupi wa kawaida. Kanisani akisimama kuimba, mgeni wa benchi la nyuma alidhani bado amekaa. Baba yake alikuwa mpishi wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa kule Oldeani, na mzungu huyo alikuwa ameishi Uhindi kabla ya kuja huku. Kulabu ya tembo ilikuwa ukutani kwake. Alipofunga mizigo kurudi kwao aliwaambia wafanyakazi kila mtu achague kitu kimoja. Wenzake walichagua viti na saa ya ukutani. Babu akachagua kile chuma, wakamcheka, naye akajibu kwamba kiti hakishushi mahindi.

Maana ndiyo kazi aliyokuwa ameiona. Nyumba zetu za zamani, mahindi ya mbegu yalifungwa mawili mawili kwa maganda yake yakaning'inizwa kwenye fito juu ya moto, moshi uyatunze wadudu wasiyaguse. Babu aling'oa mpini mfupi wa awali, akatia mpini mrefu wa mloliondo, mti mgumu ambao mchwa huusalimia na kupita. Aayo alipoolewa Rhotia, alikuja na kulabu yake begani.

Ningependa umwone. Ameketi kwenye kigoda, macho yapo kwenye sufuria, mdomo unaongea na jirani aliyesimama mlangoni. Mkono unapapasa nyuma, unashika mpini, unainua, na jozi ya mahindi inashuka mapajani pake bila yeye kutazama juu hata kidogo. Alivutia matawi ya mparachichi kwa kulabu ileile, alifungulia dirisha, aliokotea kuku aliyejificha chini ya kitanda. "Nileteeni mkono wangu," ndivyo alivyosema akiitaka. Kuna siku baba alimtania, "Mke wangu, wahenga wamesema mtaka cha mvunguni sharti ainame." Aayo akamjibu, "Na mtaka cha darini je? Huyo walimsahau kwa sababu wote walikuwa warefu kama wewe." Baba alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Na sisi watoto alituvua kwa hiyo kama samaki. Ukipita mlango wa jiko unakimbia, chuma kinakujia nyuma ya shingo, taratibu, kinakushika kwenye kola. Sheria yake ilikuwa moja: unaitika "Abee" kabla hujageuka. Ukigeuka kabla ya kuitika, anakuachia uende, kisha anakuvua tena mpaka ujifunze. Asubuhi chuma kilikuwa baridi, ukasisimka mgongo mzima. Jioni, kikiwa kimening'inia juu ya moto, kilikuwa na uvuguvugu. Hakikuniumiza hata siku moja. Mimi nilirithi urefu wa baba, na nilipofika darasa la sita nilikuwa nimeshampita Aayo, lakini kulabu haikujali urefu. Aliendelea kunivua nikiwa mke wa mtu, nimekuja kusalimia na viatu vya mjini.

Mwaka mmoja wa parachichi nyingi alivuta tawi zito na chuma kikakatika shingoni, pale ndoano inapoachana na ncha. Tulitembea wote wawili mpaka gereji moja hapa Karatu. Fundi alichomelea, cheche zikaruka, na alipomaliza kulikuwa na nundu shingoni, kubwa, yenye vipele. Aayo aliigeuza huku na huku. "Baba, nimekuletea mkono wangu, wewe unanirudishia jipu!" Fundi akataka kuisaga ilainike. Akakataa. "Iache, usije ukaukondesha ukakatika tena." Tukarudi nyumbani na nundu yetu, na tangu hapo kila nilipotumwa kuileta kidole changu kiliiangukia.

Aayo alipofariki, baada ya mazishi watu walikaa kugawana vitu vyake, kama desturi. Mimi nilipewa sweta na khanga. Kulabu nilikuwa nimeikodolea macho tangu asubuhi, lakini mama mdogo, mdogo wake Aayo, aliiweka mkononi akasema, "Hii ni ya baba yetu." Ungesema nini? Ilikuwa kweli. Roho iliniuma, nikaangalia mpini ukitoka mlangoni ukielekea upande wa Mbulu.

Niliacha muda upite. Halafu hamu ikanishinda, nikafunga safari kwenda kwake, nikijiambia naenda kumwona yeye tu. Tukasalimiana, tukaulizana hali za watoto na mifugo, mwishowe nikasema, "Mama mdogo, naomba nishike kidogo ile kulabu."

"Ile? Mbona niliwapa wale vijana wa vyuma chakavu wanaopita na pikipiki. Nilishaweka bati, mwanangu, mahindi nayaweka kwenye magunia. Walinipa beseni."

"Beseni?"

"Zuri sana. Mpaka leo halijapasuka."

Na akaliita lije. Likaja, la buluu, na maji ya vuguvugu, ninawe mikono tule. Jamani! Mkono wa mama yangu, na mimi nanawia bei yake. Nilinawa. Nikala, nikashukuru, nikatoka nje nyuma ya zizi nikalia kwa hasira mpaka mbuzi wakanishangaa. Sikumchukia mama mdogo. Kwake kilikuwa chuma kisicho na kazi. Lakini kwangu mimi picha za Aayo zilikuwa mbili, zote amefumba macho, na sauti yake nilikuwa nimeanza kuisahau. Kile chuma ndicho kitu pekee duniani kilichokuwa kinajua alivyoniita.

Watu wa vyuma chakavu waliniambia vitu vyenye sura ya zamani haviendi kuyeyushwa. Huchambuliwa, vikauzwa kwa watu wa vinyago. Basi na mimi nikafungua kibanda cha vinyago. Majirani walisema mama huyu ameona biashara ya utalii. Nikawaacha waseme. Nilitaka kukaa mahali ambapo vyuma hupita.

Navyo hupita, tena kila aina. Kuna kulabu za shaba zinazokuja kwenye makontena, mpya kabisa, zina mstari mwembamba ubavuni pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Ukishauona huo mstari huna haja ya kuendelea. Kuna za sherehe, zina maua na ndege kila mahali, nzuri za kweli, ila hazikuwahi kumgusa tembo, zilikaa mikononi mwa wakubwa siku za maandamano. Na kuna za kazi, hazina urembo, chuma kilichofuliwa kwa nyundo mpaka makovu ya nyundo unayasoma kwa kidole. Kutu yake ni nyeusi kama kahawa na imeng'ang'ania. Kutu ya kutengeneza ni ya rangi ya chungwa, inakuachia unga mkononi. Wenzangu wa barabara hii nawajua: huloweka chuma kwenye maji ya chumvi na mkojo wa ng'ombe, wakafukia, wakafukua, wakaning'iniza juu ya moshi wa kuni. Kwa hiyo hata harufu ya moshi, ambayo ndiyo ningetambulia ya Aayo, haikunifaa kitu. Zote zinanuka jiko.

Kila iliyopita niliipima hivyohivyo: mkunjo, kutu, makovu ya nyundo. Mwisho, hata kama nilishajua jibu, kidole kilikwenda shingoni kutafuta nundu. Laini. Laini. Laini. Nilikuwa najidai mbele ya watu nafanya tathmini, kumbe mtoto anamtafuta mama yake. Nilipata moja nzuri mno, ya kazi, nzima, pete ya chini ya mpini imelika kwa kamba, hata yule mama wa Arusha alipoiona aliishika kwa mikono miwili. Nikaitundika juu ya mlango wa kibanda na sikumpa mtu. Ilikuwa ya kweli kupita zote, na haikuwa yenyewe.

Jirani yangu wa kibanda cha kulia ni Mmasai wa Soitsambu, mzee wa rika langu hivi, ambaye namwita laigwanani, yaani kiongozi wa mila, kwa kumtania, kwa sababu hana anaowaongoza ila mbuzi wake. Mke wake ndiye fundi wa shanga. Asubuhi moja ya ukungu, ile ya Karatu ambayo unasikia gari kabla ya kuliona, alinijia amejifunika shuka mbili, akanisalimu kwa Kimasai na kuniita mama, kama kawaida yake.

"Takwenya, yeyo."

"Iko."

"Nimepata fimbo ya tembo. Ile ambayo Wamasai wa zamani walikuwa wanachungia tembo kule kreta."

"Loo! Tangu lini Mmasai akachunga tembo?"

"Tangu wageni wapende," akasema, bila kucheka.

Nilikwenda. Mchana alikuwa anamtarajia mtu wa lodge moja, anayekuja kuchukua vitu vya kupamba mapokezi, na alikuwa amevipanga kwenye meza vyote. Kulabu ilikuwa katikati. Nikajua papo hapo siyo yenyewe. Mpini ulikuwa mfupi, hauzidi mkono wa mtoto, na kuanzia shingoni hadi mpinini ilikuwa imevikwa shanga, nyekundu na nyeupe na buluu, zimebana kama soksi. Nzuri, usiseme. Lakini kulabu ya Uhindi iliyovaa ushanga wa Kimasai, mimi nilitaka kulia na kucheka pamoja.

Nikaishika kwa mazoea tu. Kidole gumba ndani ya mkunjo: laini, kingo zimelala. Nikakaa vizuri. Kutu: nyeusi, haitoki. Makovu ya nyundo yapo. Nikatazama chini mpini ulipokatwa. Msumeno ulikuwa mpya, mti wenyewe ulikuwa wa zamani, mzito, wa rangi ya asali iliyoiva.

"Mpini huu nani kaukata?"

"Mimi. Ulikuwa mrefu mno, haukai kwenye sanduku la mgeni."

"Ulikuwa mrefu kiasi gani?"

Akainua mkono juu ya kichwa chake. Nikamwekea kulabu mbele yake.

"Laigwanani, fungua shanga hizi."

"Ala! Yeyo, umeamkaje leo? Mama watoto wangu amezishona kwa siku kadhaa. Na mtu wa lodge anakuja."

"Fungua hapa shingoni tu."

"Nifungue nitafute nini? Kama ni ya zamani wewe ndiye unajua, sema ni ya zamani, tunywe chai."

Nikamwambia. Sikuwa nimemwambia miaka yote hiyo. Alijua tu kwamba nina wazimu wa kulabu. Nikamwambia habari za Aayo, na mahindi, na kola, na beseni. Niliposema beseni, aliangua kicheko, kisha akaona uso wangu akakikata. Akatazama barabarani, akatazama shanga. Nilijua anachopima: nikikosea, kazi ya mkewe imeharibika bure na mtu wa lodge hatakisubiri kitu kilichofumuka. Na mimi nikikosea, sikuwa na hakika kama ningeweza kushika nyingine tena. Nilikuwa nimechoka kukuta laini.

"Mama watoto akiuliza, utamjibu wewe," akasema. Akatoa kisu kidogo kiunoni, akakata uzi mmoja.

Shanga zilianza kudondoka mezani, halafu chini, zikaruka kila upande. Chini ya shanga kulikuwa na ngozi. Akaichana ngozi na matambara yaliyokuwa ndani yake. Sikutazama, niligeuza uso kama anayechomwa sindano, nikapeleka kidole.

Nundu. Kubwa, ina vipele.

Sikumbuki nilisema nini. Laigwanani anasema nilimwita mama yangu kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti iliyowafanya watu wa gereji ng'ambo ya barabara waache kazi. Ninachokumbuka ni yeye akiinama kuitazama ile nundu na kutikisa kichwa. "Yeyo, pole. Imechomelewa hii. Ndiyo maana ilikuja imefungwa matambara hapa. Sasa mtu wa lodge hataitaka, kitu cha kale kikishapita kwenye welding kimekwisha."

"Kimekwisha," nikasema, machozi yananitiririka. "Kimekwisha kabisa. Nipe."

Nilikwenda kibandani kwangu nikashusha ile kulabu nzima ya mlangoni, ile ambayo sikumpa mtu, nikamwekea mezani pake. Akaigeuza. Macho ya biashara anayo, akaona mara moja.

"Hii ni nzima. Yangu ni mbovu."

"Mbovu ndiyo naitaka."

"Mwee! Wairaqw nyinyi," akasema, lakini aliniokotea shanga zote zilizodondoka akazitia kwenye kopo, ili nimpelekee mkewe mimi mwenyewe na maneno yangu. Nilimpelekea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kuzitunga upya, akasema tu kwamba ningemwambia mapema asingebana hivyo.

Jumapili nikaenda nayo nyumbani Rhotia. Siku hizi wifi yangu anapika kwa gesi kwenye nyumba mpya, na jiko la Aayo limebaki la kuwekea kuni. Kuku walitoka mbio nilipofungua. Nilikuwa nimejipangia kuiweka mahali pake pa asubuhi, kwenye pembe ya mlango, ila mpini mfupi haukufika kwenye msumari ulioizuia zamani isianguke, ukateleza ukaanguka. Fito za juu bado nyeusi kwa masizi, kamba za maganda bado zimefungwa, hakuna hindi hata moja. Nilisimama pale sina cha kushusha. Na hata kingekuwepo, mimi ningenyoosha mkono tu nikakifikia. Mrefu wa nini mimi? Maisha yangu yote sikuwahi kuihitaji kulabu kwa kazi yoyote, na nilikuwa nimeitafuta kuliko kitu kingine chochote.

Kigoda chake kilikuwa chini ya kuni. Nikakitoa, nikakifuta, nikakaa, magoti yakanifika kifuani. Nikaitia kulabu nyuma ya shingo yangu, kwenye kola, nikashika mpini kwa mikono miwili mbele. Chuma kilikuwa baridi, nikasisimka mgongo mzima, vilevile. Nikavuta kidogo.

"Abee," nikaitika.

Kisha nikakaa hivyo hivyo, kichwa nimekiinamisha, kwa sababu nilikuwa nimeshaitika na sasa ilikuwa ruhusa kugeuka, na sikutaka kugeuka.